Mgeni Hungoja Jua, Mwenyeji Hutoka na Mvua

Ndugu zangu tunaoishi Uingereza, nina neno nanyi, na nalisema sasa kabla saa hazijarudishwa nyuma. Jumapili ya mwisho ya Oktoba ikishapita, jua la London huzama kwenye saa kumi na nusu alasiri, na ikifika Desemba huzama hata kabla ya saa kumi. Sisi tuliolelewa pwani, ambako urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa moja nzima mwaka mzima, huona kama dunia imekosea hesabu. Alasiri na magharibi hufukuzana, manyunyu hayakatiki, upepo unauma masikio. Basi tunafanya nini? Tunajifungia. Kuanzia Oktoba hadi Machi tunajua njia tatu tu: ya kazini, ya dukani na ya kitandani. Mtu akialikwa matembezi hujibu, "Tutaonana jua likitoka." Nusu ya mwaka inapita hivyo, na nusu ya kila mwaka ukiijumlisha ni nusu ya umri.

Nayasema haya si kwa kumsuta mtu, kwani nami nilikuwa hivyo hivyo. Vuli yangu ya kwanza mjini London niliimaliza chumbani, pazia limeshushwa, hita inawaka mchana kutwa, moyo umeinama na sijui kwa nini. Aliyenizindua ni mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Lamu, tuliyekuwa tukifanya naye kazi zamu moja. Siku moja nilimwambia sikutoka Jumamosi nzima kwa sababu ya mvua. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza, "Mwanangu, kwenu mvua ikinyesha mlikuwa mkifa?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata.

Tulitafakari swali hilo. Neno tunaloliita majira haya ni vuli, na vuli ya kwetu huja miezi hiyo hiyo, Oktoba hadi Desemba. Kwetu vuli ni heri: mkulima hutazama mawingu kwa shukrani, watoto hukimbilia chini ya michirizi ya mabati, harufu ya udongo uliolowa humtoa mtu ndani. Na mvua yenyewe tuipime kwa haki. London hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, na Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Mtu aliyevuka bonde la Jangwani jijini humo maji yakiwa magotini leo anazuiwa mlangoni na rasharasha! Mvua ya huku si kubwa, ila ni ya kudumu na ina baridi. Kwa hiyo adui wetu si mvua. Adui ni kutoka bila kujiandaa.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huku maji ni ya kuyavalia nguo. Maji hunyonya joto la mwili upesi mno kuliko hewa, takriban mara 25, ndiyo maana aliyelowa hutetemeka hata kama baridi si kali. Fulana ya pamba ikilowa hushika maji na kung'ang'ania ngozi. Sufu, hata ikiwa na unyevu, huendelea kuhifadhi joto. Basi vaa nguo tatu nyepesi badala ya moja nzito: ya ndani isiyo ya pamba, ya kati ya sufu, na ya juu koti lisilopitisha maji wala upepo. Funika kichwa, vaa soksi nzito na viatu visivyoogopa tope, na soksi nyingine kavu ziwe mkobani. Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Maduka ya hisani yamejaa mitumba mizuri, na sisi si wageni wa kuchagua mitumba.

Wapo watakaosema, "Nikitoka nitapata mafua." Mafua huletwa na virusi, na virusi huenea zaidi katika chumba kilichojaa watu, madirisha yamefungwa, kila mmoja akivuta pumzi ya mwenzake. Wengine watasema hutoka kutafuta vitamini D. Nao niwaambie kweli: jua la vuli na la kipupwe katika nchi hii liko chini mno, halitupi vitamini hiyo ya kutosha. Serikali hushauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku katika majira haya, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Kidonge basi kimezwe, lakini hakuna kidonge cha mwanga. Mchana wa mawingu mazito kabisa huangaza nje mara nyingi kuliko taa ya sebuleni, na mwanga huo wa asubuhi ndio unaouambia mwili sasa ni wakati wa kuamka, na usiku ukifika, wa kulala. Miguu nayo inataka kazi, na roho inataka kuona kitu kisichokuwa ukuta.

Wala sisemi mtu apande milima. Nasema safari ndogo, ya saa mbili, ambayo bibi na mjukuu wataimudu. Nitoe mfano wa ile ninayoijua. Panda treni kituo cha Liverpool Street, London, hadi Chingford, kama nusu saa tu, na kwa mwendo wa dakika chache utafika ukingoni mwa Msitu wa Epping. Huko kuna ziwa dogo liitwalo Connaught Water, lenye njia tambarare inayolizunguka. Nenda siku ya manyunyu mwishoni mwa Oktoba. Utaona majani ya manjano, ya shaba na ya kahawia yanavyopukutika na kutua juu ya maji. Manjano ile haikuletwa na baridi, bali ilikuwemo ndani ya jani tangu lilipochipua, imefunikwa na kijani. Siku zinapofupika mti huacha kutengeneza kijani chake, na kilichofichika kikaonekana. Jua likiwa kali watu ni wengi na kelele ni nyingi. Siku ya mvua utasikia matone yakishuka kutoka tawi hadi tawi. Fungua chupa yako ya chai ya tangawizi, gawa maandazi, kisha uniambie kama kuna kochi linaloshinda hapo.

Msitu huo una jambo jingine la kutufundisha. Zamani maskini wa Loughton, kijiji cha kando ya msitu, walikuwa na haki ya kukata matawi yake kwa kuni za majira ya baridi. Kwa mila yao haki hiyo ilifunguliwa usiku wa manane wa tarehe 11 Novemba, nao waliamini kwamba wasipotokea usiku huo itapotea. Karne ya 19 wenye ardhi walipoanza kuuzungushia msitu uzio, mmoja wa wakata kuni hao, Thomas Willingale, na jamaa zake waliendelea kukata, na mwaka 1866 baadhi ya jamaa zake wakatiwa jela. Kesi zikafuata, na sheria ya mwaka 1878 ikakomesha ukataji wa kuni kwa kulipa fidia, ikaamuru msitu ubaki wazi kwa burudani ya watu wote. Miti mingi mikongwe mle bado ina vichwa vinene vyenye matawi mengi, pale shoka lilipopita. Msitu ule ulishikiliwa na watu waliotoka usiku wa Novemba, katika giza na baridi. Leo ni wetu pia, na tunashindwa kuutumia mchana!

Aliye Leicester, Glasgow au Cardiff asiseme Epping iko mbali. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia ambazo sheria inampa kila mtu haki ya kuzipita, hata zikikatisha shamba la tajiri. Huko Scotland, sheria ya mwaka 2003 imempa kila mtu ruhusa ya kutembea karibu kila mahali, mradi awe na adabu.

Ushujaa usio na akili nao siutetei. Idara ya hali ya hewa ikitoa onyo la dhoruba, kaa ndani, kwani matawi huanguka. Anza safari asubuhi, ili saa tisa uwe umegeuza uso kwenda nyumbani. Mwambie mtu unakokwenda. Uyoga utazame kwa macho tu, maana baadhi yake huua. Mtoto akilowa na kuanza kutetemeka, mbadilishie nguo papo hapo na mrudi.

Nimemtaja mtoto, na kwa ajili yake hasa nimeandika. Watoto wetu waliozaliwa huku hawana nchi nyingine ya utotoni. Tukiwafundisha kwamba nje ni adui kwa miezi sita, tunawanyang'anya nusu ya kwao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la nchi hii ni koti la mvua. Mgeni ana ruhusa ya kukaa dirishani akiuliza mvua itakatika lini, lakini sisi tunalipa kodi hapa, tunazaa hapa, na tunazikana hapa. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, mvua ikiwa inanyesha, usimpigie mwenzako simu kuahirisha. Mpigie umkumbushe kuleta soksi za akiba.