Bunduki Alipewa, Mpira Akanyimwa

Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilipoisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Makaburu siku chache tu baada ya damu kumwagika Soweto, tuliambiwa kwamba tunaingiza siasa katika michezo. Mpaka leo wako wenzetu wanaoyarudia maneno hayo. Tunawauliza: siasa hiyo aliiingiza nani, na lini?

Chukueni habari za Nathaniel Wilson. Alizaliwa New Zealand mwaka 1886, baba yake mtu wa West Indies, mama yake Mwingereza. Kwa ajili ya weusi wake wakampachika jina la "Ranji", wakimfananisha na Ranjitsinhji, yule Mhindi bingwa wa kriketi. Tangu 1908 hata 1914 aliichezea timu ya nchi yake, All Blacks, nao hawakuwa na mbele wengi hodari kama yeye.

Vita Kuu ya kwanza ilipokuja, Wilson alivaa sare akavuka bahari kumtumikia Mfalme. Rangi haikuwa kizuizi hapo. Wasomaji ambao babu zao walichukuliwa Kariakoo, kubeba mizigo ya vita hiyohiyo, wanaelewa tunasema nini.

Vita ilipokwisha, timu ya askari wa New Zealand ilishinda Kombe la Mfalme huko Uingereza mwaka 1919, Wilson akiwamo. Kisha ikaalikwa ipitie Afrika Kusini kabla ya kurudi kwao. Wakuu wa raga wa huko wakatoa neno lao: mtu wa rangi hatakiwi. Wilson akaachwa, na Parekura Tureia, askari Mmaori, akaachwa vilevile.

Angalieni sana mwaka huo. Chama cha Malan kilishika serikali 1948. Mwaka 1919 Afrika Kusini ilikuwa chini ya Taji la Uingereza, taji lilelile alilolipigania Wilson.

Lakini kwetu sisi aibu kubwa si ya wenyeji, ni ya wageni. Wenzake walikwenda! Watu waliovaa sare moja naye walicheza michezo 15 bila yeye, wakaona ni adabu kufuata desturi ya mwenyeji. Tangu hapo ikawa mazoea. Mwaka 1928 aliachwa George Nepia. Mwaka 1949 aliachwa Johnny Smith, Mmaori aliyekuwa nyota wa timu ya jeshi baada ya vita ya pili. Mwaka 1960 Wamaori wakaachwa tena, ingawa watu zaidi ya 150,000 wa New Zealand walitia sahihi kupinga.

Filbert Bayi alilipa gharama kubwa mwaka 1976, hatukatai. Alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 hukohuko New Zealand, akimtangulia John Walker, na Montreal medali ya dhahabu ikachukuliwa na Walker. Ila deni hilo halikufunguliwa Dar es Salaam.

Mwaka 2010 chama cha raga cha New Zealand kiliwaomba radhi wachezaji wa Kimaori. Wilson, ambaye hakuwa Mmaori, alikuwa amekufa tangu 1953.