NGOMA NAZO ZATAKA VIONGOZI WALIOFUNZWA

Mwaka 1961, hata kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni ili wananchi wafundishwe kazi ya kuongoza. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Ushirika Moshi, maana wakulima walikuwa wakishika biashara ya mazao yao na walihitaji watu wajuao hesabu. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ili vijana wafundishwe kucheza, kupiga, kuchonga na kuigiza. Kila chuo kilikuwa jibu la haja iliyoonekana. Lakini iko haja moja ambayo haijapata jibu la kutosha: ni nani atakayemfundisha kiongozi wa kikundi cha sanaa kijijini? Hatusemi yule achezaye uwanjani. Twasema yule atunzaye fedha, aandikaye makubaliano, apangaye safari na kugawa malipo.

Swali hili twaliuliza tukiitazama pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kuanzia Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi, kupitia Kyela mjini na Ipinda, hata Matema chini ya milima ya Livingstone. Nchi hii yajulikana kwa mchele wake na kwa kakao yake. Lakini inazo pia ngoma, na kubwa miongoni mwao ni ing'oma ya Wanyakyusa. Inazo kwaya ambazo mizizi yake ni misheni zilizoingia nchi hii tangu mwaka 1891. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu vinavyosifiwa mbali, wakavipakia katika mitumbwi na kuvileta sokoni Lyulilo, karibu na Matema. Mtu akisema kwamba Kyela imepungukiwa na vipaji, atakuwa amesema uongo mchana kweupe. Kilichopunguka ni uongozi wa vipaji hivyo.

Hebu tutazame jinsi kikundi cha ngoma kinavyoendeshwa mahali pengi. Mtu mmoja mwenye moyo hukusanya wenzake, hutafuta ngozi na magogo, nazo ngoma hulala nyumbani kwake. Yeye ndiye ajuaye nani aliwaalika mwaka jana, nani bado hajalipa, na nani alikopa nauli. Yote hayo yamo kichwani mwake, hayamo katika daftari. Siku akifariki dunia, ngoma huhesabiwa pamoja na masufuria na majembe yake, nao warithi hugawana. Wachezaji wapo, nyimbo zipo, lakini kikundi kimezikwa pamoja na mwanzilishi wake. Wahenga walilisema hili zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tufanye mfano wa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kikundi cha watu 20 kimealikwa kumlaki mgeni, kikaahidiwa shilingi 200,000. Nauli ya gari ni shilingi 60,000. Chakula ni shilingi 60,000 nyingine. Ngozi mbili zimepasuka, na kuzitengeneza ni shilingi 20,000. Zimebaki shilingi 60,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila mtu. Ongeza siku tatu za mazoezi, na utaona kwamba mtu amefanya kazi ya siku nne kwa shilingi 3,000, tena pengine katika majira ambayo mpunga wake ulikuwa ukingoja shambani. Kiongozi asiyejua kuhesabu atarudi nyumbani akisema, "Tumepata laki mbili!" Yule aliyefunzwa ataijua bei yake kabla ya kupanda gari, naye ataisema kwa adabu na kwa maandishi.

Hapa yatupasa tuseme kweli bila kumung'unya maneno. Wanaowaalika wachezaji hawa mara nyingi ni vyombo vya wananchi wenyewe: ofisi za Chama, halmashauri, mashirika ya umma, na vyama vya wafanyakazi. Mkutano hauanzi mpaka ngoma ilie, lakini katika bajeti ya mkutano ngoma huandikwa mwisho, na pengine haiandikwi kabisa. Mchezaji hupewa soda na makofi. Mfanyakazi aliyepigania ujira wa haki kiwandani au bandarini hawezi, kwa dhamiri safi, kumwita mkulima amchezee bure jua kali la mchana. Jasho ni jasho, liwe la jembe au la ngoma.

Wako wazee watakaotupinga. Watasema: "Ngoma si duka. Mkiiletea madaftari na mikataba mtaiua." Hoja hiyo yastahili heshima, maana ni kweli kwamba ngoma ichezwayo msibani au arusini ya jirani haina bei, wala haifai kuwa nayo. Lakini historia haikubali kwamba ngoma na utaratibu ni maadui. Beni ilipoenea kutoka pwani hadi bara, ikichukuliwa na askari, makarani na vibarua, vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo vilivyopangwa kuanzia juu hata chini. Vilimpokea mgeni aliyefika mjini bila ndugu, vikamsaidia mgonjwa, vikamzika maiti. Malipenga na mganda, zinazochezwa kandokando ya Ziwa Nyasa, ni wajukuu wa beni, nazo pia zina vyeo vyake. Watu wale walicheza kwa furaha, na walikuwa na uongozi.

Tena Wanyakyusa wenyewe walikuwa na somo ambalo vyuo vingi vya leo vyalitafuta. Katika desturi ya ubusoka, iliyofanywa karibu mara moja katika kila kizazi, wazee waliachia madaraka ya utawala na ya vita, nao wana wao wakayashika mbele ya watu wote. Wazee hawakutupwa. Walibaki na kazi ya matambiko na mashauri. Jambo hilo halikungoja kifo cha mtu wala ugomvi. Lilikuwa na wakati wake, na kila mtu alilijua. Hivyo ndivyo inavyofaa katika kikundi cha sanaa: bingwa mzee abaki mwalimu wa ngoma na mlinzi wa nyimbo, na vijana walio hodari wakabidhiwe daftari, funguo na muhuri wakati mzee angali hai kuwasahihisha.

Wafanyakazi wanao pia mfano wao. Mwaka 1964 kilipoundwa chama cha NUTA, bendi ya NUTA Jazz nayo ilizaliwa. Wanamuziki wake walikuwa watu wa mshahara, na nyuma yao palikuwa na chama chenye ofisi na hesabu. Chama kilibadili jina kuwa JUWATA, kisha OTTU, na bendi ikabadili jina pamoja nacho, hata leo watu huijua kama Msondo Ngoma. Bendi nyingi za umri wake zimekwisha sahauliwa. Vipaji vilikuwapo kwa zote, bali hii ilipata tangu mwanzo msingi wa utaratibu.

Kule Unguja, tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na kuwaleta Mji Mkongwe wasanii wa Afrika nzima. Lakini tamasha la mwaka 2016 halikufanyika, kwa sababu fedha hazikutosha. Viongozi wake walitangaza mapema, wakajipanga upya, na mwaka 2017 likarejea. Wako watakaoona aibu katika habari hiyo. Sisi twaona uongozi. Kiongozi asiyefunzwa angalifanya sherehe kwa deni, na baada ya sherehe asingaliweza kuonyesha uso wake kwa wachezaji wala kwa wenye vyombo.

Basi mafunzo ya namna gani yafaa Kyela? Kwanza tuseme yale yasiyofaa. Haifai semina ya siku mbili katika hoteli ya mjini, ambako watu husaini karatasi ya posho, hupigwa picha, hupewa cheti na kurudi walikotoka. Wala haifai kumpeleka mtu mmoja Dar es Salaam akarudi na maneno makubwa ambayo wenzake hawayaelewi.

Mafunzo yafanyike Kyela, kwa Kiswahili, na pale inapobidi kwa Kinyakyusa na Kikisi. Yafanyike kati ya Juni na Oktoba, wakati mvua zimekwisha na mito ya Songwe na Kiwira haitishi tena kufurika. Yafanyike siku moja kila mwezi, na kila kiongozi aje na daftari lake mwenyewe ili lisomwe na kusahihishwa. Walimu hawako mbali. Vyama vya ushirika vya kakao vina makarani waliozoea stakabadhi ghalani, minada na ukaguzi wa hesabu. Kwaya nyingi zina katibu, mweka hazina na siku maalumu za mazoezi, nazo zaweza kuwafundisha jirani zao wa ngoma. Ofisa utamaduni wa wilaya awe mratibu, na taasisi ya Bagamoyo iombwe kuleta mwalimu.

Masomo yenyewe ni manne. La kwanza ni hesabu: kuandika kilichoingia na kilichotoka, na kuisoma hesabu hiyo mbele ya wanachama wote. La pili ni makubaliano: kuandika siku, mahali, bei, nauli, na nani atakayelipa ngoma ikipasuka. La tatu ni mali na urithi: ngoma, mavazi na akiba viandikwe kuwa mali ya kikundi, na iwekwe sheria ya kubadilishana uongozi. La nne ni mkakati, yaani kujua twaenda wapi na tutapitia njia gani. Je, kikundi kitajiandaa kwa maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa John Mwakangale, Mbeya? Kitazungumza na nyumba za wageni za Matema? Kitavuka Songwe kwenda Karonga, ambako Wangonde husema lugha iliyo karibu moja na Kinyakyusa? Upande wa Malawi, tamasha la Lake of Stars, lililoanza mwaka 2004, liliwavuta wageni wa mbali kuja kwenye maji ya ziwa hili hili. Lakini kikundi kisichochagua njia huchukuliwa na kila gari lipitalo.

Na wanawake wasiachwe nje ya darasa. Wafinyanzi wa Ikombe wakiuza vyungu mmoja mmoja, mchuuzi ndiye apangaye bei. Mkulima wa kakao hushika stakabadhi na mali yake hupigwa mnada pamoja na ya wenzake. Kwa nini mfinyanzi asimame peke yake? Wakiwa chama chenye katiba na akaunti ya benki, wataweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawiwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Ni haki iliyo wazi, lakini haimfikii asiye na andiko wala hesabu. Na akopaye bila kujua hesabu amejitia kitanzi, kwa hiyo mafunzo yatangulie na mkopo ufuate.

Gharama ya jambo hili si kubwa. Chumba cha shule siku ya Jumamosi, madaftari, kalamu, nauli ya mwalimu, na mkaguzi mmoja mwisho wa mwaka. Waanze na vikundi vichache vya ngoma, kwaya mbili tatu na wafinyanzi wa Ikombe. Baada ya mwaka mmoja wapimwe kwa maswali matatu: hesabu zenu zimesomwa hadharani? Mmelipwa kwa mikataba mingapi? Na kiongozi wenu akiugua kesho, nani atashika kazi yake? Kikundi kitakachoyajibu kimehitimu, hata kama hakina cheti ukutani.

Twawataka wanachama na wafanyakazi wa Kyela wasingoje amri kutoka juu. Kila tawi litakaloalika ngoma tangu sasa liandike makubaliano kabla ya siku ya mkutano, na lilipe siku ile ile. Hilo litakuwa somo la kwanza, nalo linaweza kutolewa leo, kabla darasa halijafunguliwa.