Acheni Kuabudu Bodi ya Sentimita 17

Leo nitawaudhi baadhi ya rafiki zangu, na nimekubali lawama mapema.

Kila wiki kuna kijana huku kwetu, kuanzia Githurai mpaka Makongeni, anayetaka kujiundia kompyuta ya mezani yenye nguvu. Anakuja na swali lile lile: "Mkubwa, bodi gani ya Mini-ITX ni kali?" Angalia vizuri swali lake. Haniulizi anunue bodi gani. Hilo ameshaamua. Ameona video ya mtu fulani huko ughaibuni aliyeunda mashine yenye ukubwa wa mkate, ikiwaka taa za rangi kama matatu ya Rongai, na moyo umekwenda. Sasa anataka nimbariki tu.

Sibariki. Kwa mtu anayeishi Ruiru, Juja au Thika na anayeitegemea hiyo kompyuta kwa ugali wake, Mini-ITX ni chaguo baya. Ukitaka bodi ndogo, chukua micro-ATX. Nitaeleza sababu, kisha mnirushie mawe.

Kwanza tuwekane sawa kwa wale wageni wa mambo haya. Bodi mama ni ile sahani kubwa ndani ya kompyuta ambayo prosesa, RAM, diski na kadi ya michoro vyote huchomekwa juu yake. Vipimo vyake havikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1995 Intel walitoa kiwango cha ATX, milimita 305 kwa 244. Mwaka 1997 ikaja micro-ATX, milimita 244 kwa 244. Halafu mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ikaleta Mini-ITX, milimita 170 kwa 170.

Kumbukeni VIA waliitengeneza kwa kazi gani. Walikuwa na prosesa zao zinazokula umeme kidogo, nyingine hazihitaji hata feni, wakataka kibodi cha kuingia kwenye visanduku vidogo vya kimya. Wapenda kompyuta ndio waliokuja baadaye wakaanza kukibebesha prosesa za moto na kadi za michoro zenye urefu wa mkono. Inawezekana, ndiyo. Hata punda anaweza kubebeshwa jiwe la machimbo ya Ndarugo. Swali ni nani atamwinua akianguka.

Sasa tuone unachokosa ukichukua hiyo sentimita 17.

Mini-ITX ya kawaida ina sloti mbili za RAM. Micro-ATX nyingi zina nne. Sisi waandika programu tunajua maana yake. Fungua Android Studio, washa emuleta, weka kontena tatu za Docker nyuma, na kivinjari chenye tabo arobaini ambazo "utazisoma baadaye". GB 16 zimekwisha kabla chai haijapoa. Mwenye sloti nne huanza na vijiti viwili, akilipwa na mteja anaongeza viwili. Mwenye sloti mbili lazima ang'oe vyote, auze kwa hasara, anunue vingine vikubwa. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya duniani kote kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwa seva za akili mnemba. Waliokuwa na sloti tupu na vijiti vyao vya zamani walishukuru Mungu.

Najua kuna mjuaji ameshainua mkono: "Lakini DDR5 ikiwa na vijiti vinne hupungua kasi!" Kweli kabisa. AMD wenyewe walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walisema kasi ni 5200 kwa vijiti viwili na 3600 kwa vinne. Siwezi kuficha hilo. Lakini RAM inayokwenda pole inakuchelewesha, na RAM iliyokwisha inakusimamisha. Mimi nachagua kucheleweshwa. Na kama unajenga kwa DDR4, ambayo bado ni kimbilio la wengi wetu wenye mfuko mwembamba, tatizo hilo ni dogo zaidi.

Jambo la pili ni nafasi za kadi. Mini-ITX ina sloti moja tu ya PCIe. Ukiweka kadi ya michoro, basi, mlango umefungwa. Micro-ATX ina nafasi ya mpaka sloti nne. Utaniuliza nyingine za nini? Radi ikipiga wakati wa masika na kupitia waya wa intaneti kutoka kwenye paa la ploti, tundu la mtandao kwenye bodi huweza kuungua huku bodi yenyewe ikiendelea kuishi. Mwenye sloti ya ziada ananunua kadi ndogo ya mtandao, anachomeka, anaendelea na kazi. Wa Mini-ITX ataning'iniza kiunganishi cha USB mgongoni mwa mashine yake ya urembo.

Jambo la tatu limenipata mimi mwenyewe, na ndilo lililonitia hasira ya kuandika. Nilikuwa na Mini-ITX. Ndiyo, na mimi niliingia mtego. Kasha langu dogo lilitaka pawa saplai ya aina ya SFX, ambayo ni milimita 125 kwa 63.5 kwa 100. Ile ya kawaida ya ATX ni 150 kwa 86, na urefu wa 140 au zaidi. Ijumaa moja stima ilipotea Ruiru, ikarudi kwa kishindo, pawa saplai ikafa. Jumatatu nilikuwa na kazi ya kukabidhi. Jumamosi nikapanda matatu mpaka Thika, nikazunguka duka kwa duka. Pawa saplai za ATX zilijaa, mpya na za mtumba. SFX? Mmoja aliniuliza kama hiyo ni programu. Mwingine akasema anaweza kuniagizia, nisubiri.

Nikanunua ATX. Umeme wake ni ule ule na waya zinaingia vizuri kabisa, ila haikutosha ndani ya kasha. Kwa wiki mbili kompyuta yangu ya kifahari ilikaa wazi, matumbo nje, pawa saplai imewekwa juu ya stuli pembeni. Mama mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi aliiangalia, akaniangalia mimi, akauliza, "Hii ndio ilisemekana haichukui nafasi?"

Sikuwa na jibu.

Na stima yenyewe tunaijua. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia giza, hata uwanja wa ndege wa Nairobi haukusalimika. Huo ni ule mkubwa uliotangazwa. Ile midogo ya mtaani haitangazwi na mtu. Kwa hiyo unapopanga kompyuta hapa, panga ukijua kuna kitu kitaungua siku moja. Nunua UPS, naam, lakini jiulize pia: kikiungua, nitakipata Jumamosi mchana umbali wa matatu moja? Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha bodi. Milimita zinafuata baadaye.

Nne, joto. Thika na Ruiru tuko takriban mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kwa kila mzunguko wa feni. Baridi ya Julai hutusaidia, lakini Februari na vumbi lake haitusaidii. Prosesa kama Ryzen 9 5950X imeandikwa wati 105, lakini kwa kazi nzito huvuta mpaka 142. Sakiti zinazoilisha umeme huo zinahitaji nafasi na vipande vizito vya aluminiamu vya kupooza. Ziko Mini-ITX zinazofanya hivyo vizuri sana, sibishi. Uliza bei yake, kisha uliza bei ya micro-ATX yenye chipseti ile ile. Utakuta unalipia zaidi upewe sloti chache.

"Lakini chumba changu ni kidogo." Hoja hii naiheshimu, maana wengi wetu tumeanzia futi 10 kwa 10, kitanda, meko na meza vikipigania ukuta mmoja. Haya, tupige hesabu. Toa 17 kwa 24.4. Unabaki na sentimita 7.4 kwa kila upande. Kiganja cha mtoto! Tena kinachonenepesha kasha si bodi peke yake. Ni kadi ya michoro, pawa saplai na kipooza cha prosesa. Ukiweka vitu vikubwa, kasha litakuwa kubwa hata bodi ikiwa na ukubwa wa biskuti. Lisimamishe chini ya meza, juu ya tofali mbili ili vumbi na maji ya deki yasilifikie, umemaliza.

"Nataka kubeba mashine." Kama kweli kila wiki unaibeba kwenda kwenye mashindano ya michezo ya video au kurekodi harusi, chukua Mini-ITX na uwe na pawa saplai ya akiba nyumbani. Wewe nakusamehe. Wengine wote hamtaibeba. Mnajua hamtaibeba.

Sasa nisije nikaonekana adui wa vitu vifupi. Sisi watu wa Ruiru tuna mfano wetu. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha hapa hapa Ruiru kilitoa mbegu inayoitwa Ruiru 11. Ni mkahawa mfupi. Lakini watafiti hawakuufupisha ili upendeze kwenye picha. Ufupi ulimwezesha mkulima kupanda miche mingi zaidi kwenye shamba lile lile, na pamoja na hayo mbegu ilistahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Ufupi ulikuwa na kazi. Bodi yako fupi ina kazi gani? Kama jibu ni "inapendeza," basi umenunua ua, hukununua mkahawa.

Kuna kundi la pili nalo linihurumie. Hawa ni wale wa "ex-UK": wananunua kompyuta ndogo ya ofisi iliyotoka Uingereza, wakiota kuigeuza kuwa jitu. Kwa kazi ya ofisi na saiba ni mashine za kuheshimika, nazipenda. Tatizo ni kwamba nyingi zina bodi isiyofuata kiwango. Dell OptiPlex 9020 kwa mfano haina ile plagi ya umeme ya pini 24 tuliyoizoea. Ina ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 inatumia plagi za pini 6. Ile 9020 ya kasha jembamba ina pawa saplai ya wati 255 tu, na kadi ya michoro lazima iwe ya kimo kifupi. Bodi ikifa unatafuta bodi ya modeli hiyo hiyo. Kwa hiyo hata ndogo ya bei rahisi inaweza kukufunga kamba ile ile ya ndogo ya bei ghali.

Haya, badala ya kulalamika tu, hiki ndicho ninachowaambia wanaoniuliza:

1. Chukua micro-ATX yenye sloti nne za RAM. Soma kabla ya kulipa, maana ziko za bei ya chini zenye mbili.

2. Hakikisha ina plagi ya pini 24 na inakaa kwenye kasha lolote la ATX. Hata kasha la zamani la mjomba wako litaipokea.

3. Angalia kando ya soketi ya prosesa. Kama sakiti za umeme ziko uchi bila kipooza, usiweke prosesa ya moto hapo.

4. Kama fedha ni chache, soketi ya AM4 yenye chipseti ya B550 na DDR4 bado ni kazi safi. Ukichukua B450 ya mwaka 2018, mwambie muuzaji akuonyeshe kwamba BIOS imesasishwa kwa Ryzen 5000, la sivyo utawasha na kuona giza. Ukiwa na uwezo, nenda AM5. AMD wameahidi kuiendeleza mpaka 2027 na zaidi.

5. Kabla ya kulipa, tembea maduka matatu ya Thika ukiuliza pawa saplai na feni zinazoingia humo. Ukijibiwa "tutakuagizia" mara tatu, rudi nyumbani na pesa zako.

Hasira yangu ina sababu. Vijana wengi wanaoniuliza wamechanga hizo pesa kwa mwaka mzima, wengine wamekopa kwenye chama au sacco. Hiyo kompyuta ndiyo shamba lao. Ikilala siku kumi ikisubiri kifaa kutoka Nairobi au Dubai, mteja hatasubiri nao. Ataenda kwa mwingine, na mkopo utaendelea kudai kila mwisho wa mwezi.

Yule wa kwenye video ana duka la vipuri barabara ya pili, na kifaa kikifa analetewa kingine mlangoni. Wewe una Thika Road, matatu, na fundi mzuri mwenye vipuri vya kawaida. Jenga kompyuta ambayo huyo fundi anaweza kuifufua.

Mwenye kubisha, karibu. Ila aje na pawa saplai ya SFX mkononi, aliyoinunua Thika, Jumamosi mchana.