Tulikwenda Muze na Kambo



Kwa miezi mingi tulikuwa tukisema "twende na watoto muze," na kila mara kulitokea kitu: matanga, mvua, franka za basi. Juma lililopita tulikwenda kweli: wamama sita, watoto kumi na wanne, na kambo mmoja ambaye hakuna aliyemwalika. Alisema tu kwamba hawezi kubaki nyumbani peke yake. Tunamshukuru.

Tuseme ukweli, wenzetu wawili walikataa kuja. Walisikia kwamba mle ndani kuna vinyago vya mababu, na kwamba mkristo akiingiza mtoto mahali pale anawafungulia pepo mlango. Hatuwacheki. Hata kati yetu kuna aliyekuwa akiomba kimoyomoyo tulipofika mbele ya kifwebe, kile kinyago cha Waluba na Wasongye chenye mistari mingi usoni. Kambo alikitazama sana, akasema: "Kifwebe kinataka mtu wa kukivaa na ngoma ya kukichezesha. Hapa mtu hayuko, ngoma haiko. Ni mti." Watoto wakacheka, tukaendelea.

Muze yetu ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1946 na Mbelgiji mmoja, Francis Cabu. Wengi wetu tumepita mbele yake maisha yote bila kuingia. Tulidhani ni ya wageni, au ya watoto wanaoletwa na mwalimu.

Watoto walikimbilia misalaba ya shaba. Msichana wa miaka tisa akauliza: "Mama, mababu walikuwa wanasali tayari?" Hapana, ile ilikuwa franka yao. Wafuaji, ambao kwa Kifaransa waliitwa "walaji wa shaba," walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha lile jiwe la kijani, malakiti, wakamimina shaba katika kalibu yenye umbo la msalaba. Na wanaume walipokuwa wakichimba mashimo, wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi. Mwenzetu mmoja, aliyeosha mawe mtoni miaka mitatu ili watoto wapate bukari, alinyamaza pale. Halafu akasema: "Kumbe kazi yangu ni ya zamani hivyo." Misalaba hiyo ililipa hata mahari. Orodha za siku hizi, zenye suti ya baba na bidoni za mafuta, hatukuzijadili mbele ya watoto.

Lakini kilichotushika ni nyungu za Sanga. Sanga iko kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Tangu mwaka 1957 wataalamu walichimba pale na kukuta makaburi mengi sana, mengine ya karibu miaka 1000 iliyopita. Wafu walizikwa na nyungu, mapambo ya shaba na vitu vya chuma. Na nyungu zilifuata umri wa marehemu: mkubwa aliwekewa nyungu kubwa, mtoto aliwekewa nyungu ndogo, za kipimo chake.

Kambo alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Yeye ni wa upande wa Bukama. "Kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake," alisema. "Huyu aliketi chini na mtoto wake amekufa, akamtengenezea kanyungu."

Mama mmoja wetu akaanza kulia. Alizika mtoto wa miaka miwili zamani, kwa surua. Ninyi mnajua inavyokuwa. Mtoto mdogo matanga yake ni ya haraka, watu wanarudi nyumbani mapema, wanakuambia "utazaa mwingine," na jina lake halitajwi tena. Alizaa wengine kweli. Watatu walikuwa wamesimama pale, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kaka yao. Aliwaambia jina lake mbele ya kile kioo. Mkubwa akauliza alifanana na nani, na mama akajibu, "Wewe, macho." Sisi wengine tulijifanya tunatazama mikuki.

Tangu siku hiyo watoto hawamwachi kambo. Wanataka kujua nyungu inachomwaje bila kupasuka, na udongo mzuri unatoka wapi. Amewaahidi kufinyanga moja kiangazi kikifika, kwa maana mvua haitaki nyungu. Vitu hivi alivijua siku zote. Sisi hatukuwahi kumuuliza.

Kwa kundi linalotaka kwenda: ulizeni bei ya kuingia kabla ya siku yenyewe, mule kwanza nyumbani, na msitake kuona yote. Saa moja inatosha kwa wadogo, baada ya hapo wanaanza kupigana. Mwombeni mwongozaji aende polepole na aseme Kiswahili; kambo hakuelewa neno la mwanzo hata moja, mpaka tulipomwomba abadilishe.

Tutarudi mwezi ujao. Mmoja wa wale wawili waliokataa ametuma mtoto wake kuuliza kama kambo atakuwepo tena. Atakuwepo. Wanaotaka kuja waandikishe majina kwa mweka hazina kabla ya Jumatano, na kila mmoja aje na mzee wake.