Nyuki, Nyigu, Sisimizi, na Ndugu Yao Asiye na Jina

Msomaji mmoja, mkulima wa kahawa, ameniletea swali ambalo naona lastahili kujibiwa mbele ya watu wote. Asema kuwa shambani mwake mna wadudu wa kuuma wa namna nyingi, naye ataka kujua dawa moja itakayowamaliza wote kwa siku moja, isipokuwa nyuki, kwa sababu ya asali. Dawa kali za kuua kila mdudu zipo, wala si shida kuzipata madukani. Lakini kabla bwana huyu hajatia maji katika pampu yake, ningependa akae kitako nimhesabie ukoo wa wadudu hao, maana kati ya hao anaotaka kuwaua wamo walinzi wake mwenyewe.

Mtaalamu wa Uswidi aitwaye Linnaeus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1758, aliwaweka nyuki, nyigu na sisimizi katika ukoo mmoja, akaupa jina la Kiyunani lenye maana ya mabawa ya utando. Mpaka leo ukoo huo umesimama. Aliye na mabawa huwa na jozi mbili, ila bawa la nyuma hushikana na la mbele kwa vikulabu vidogo sana, hata mtazamaji akadhani ni bawa moja. Aina zilizokwisha kuandikwa na wataalamu zapita 150,000. Nyuki peke yao ni kama 20,000, na jamii ya sisimizi na siafu ni zaidi ya 13,000. Yule nyuki wa mzinga tunayemjua sote ni aina moja tu. Nyuki walio wengi hawana mzinga wala malkia, wala asali ya kuvuna. Kila jike hutafuta tundu lake ardhini au katika mti mkavu, akaweka chakula cha watoto peke yake bila msaada wa mtu.

Katika ukoo huu nyigu ndio wazee wa nyuki na sisimizi pia. Nyuki ni mtoto wa nyigu aliyeacha nyama akashika unga wa maua. Sisimizi ni mtoto wa nyigu aliyeshuka chini akaishi bila mabawa, isipokuwa wale wa kiume na malkia wakati wa kuoana. Mchwa hamo kabisa, ijapokuwa watu wengi humchanganya na sisimizi. Mchwa ni jamaa ya mende. Na ule mwiba tunaouogopa ulikuwa hapo kwanza chombo cha kutagia mayai, na kwa hiyo dume la nyuki au la nyigu haliwezi kumchoma mtu hata likikasirishwa namna gani.

Mtu aweza kusema kuwa haya ni mambo ya kukariri shuleni, tena hayaongezi hata debe moja la kahawa. Nadhani sivyo, na ushahidi wangu ni jambo lililotukia papa hapa Kenya.

Mwaka 1923, upande wa Thika, mibuni ilianza kushambuliwa na mdudu mweupe, laini, aliyejifunika kitu kama unga, anyonyaye maji ya mti. Akaenea mwaka baada ya mwaka, akaingia hata katika mimea ya chakula. Wataalamu walimtazama wakampa jina la mdudu mwingine anayefanana naye, ambaye kwao ni Asia. Na kwa kuwa jina lilisema Asia, adui zake walitafutwa Asia. Kazi hiyo ilichukua muda na fedha, na mdudu wa unga hakujali. Ndipo mwaka 1935 mtaalamu wa Idara ya Kilimo, Bwana R. H. Le Pelley, alipoonyesha kuwa huyu si yule wa Asia hata kidogo, bali ni aina yake mbali, akamwandika kwa jina la Kenya. Walakini asili yake haikuwa Kenya. Alionekana Uganda, akiishi huko bila kuleta hasara kubwa, maana alikuwa na wa kumtia adabu.

Aliyemtia adabu ni nyigu, mdogo kuliko punje ya ufuta, asiyeweza kumchoma binadamu. Jike lake humdunga mdudu wa unga na kutaga yai ndani ya mwili wake. Yai likianguliwa, mtoto hula mwenyeji wake kutoka ndani, mpaka libaki ganda kavu; kisha nyigu mpya hutoboa ganda hilo akatoka kutafuta mwingine. Mwaka 1938 nyigu hao waliletwa kutoka Uganda, wakazalishwa na kuachiliwa mashambani, na baada ya miaka kadha balaa ile ilipungua katika sehemu nyingi. Tazama basi: muda wote lile jina lilipokuwa si lake, dawa ilikuwa nchi ya jirani, na watu waliitafuta ng'ambo ya bahari.

Katika habari hiyo sisimizi hawakuwa upande wetu. Mdudu wa unga hutoa majimaji matamu, na sisimizi wadogo wa kahawia huyapenda mno, hata humlinda kama mchungaji alindavyo ng'ombe wa maziwa, wakimfukuza nyigu asimkaribie. Wakulima walijifunza kuzungusha katika shina la mbuni utepe wa kitu cha kunata kama ulimbo, ili sisimizi wasipande, na nyigu apate nafasi ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo katika mbuni mmoja utawakuta ndugu watatu: nyuki katika maua, sisimizi akimtumikia adui, na nyigu akimmaliza adui huyo huyo.

Hata hivyo haifai kuwahukumu sisimizi wote kwa kosa la mmoja. Ndugu zetu wa pwani na Unguja wawajua majimoto, wale wekundu washonao majani kuwa nyumba. Ni wakali, na mkwezi huwalaani kila apandapo mnazi. Lakini ndio wanaomfukuza mdudu atobowaye nazi changa zikaanguka kabla ya wakati. Mahali ambapo sisimizi wadogo wa ardhini wamewashinda majimoto, minazi hupata hasara.

Sasa turudi kwenye pampu. Katika miaka ya 1950 na 1960, mashamba mengine ya kahawa katika nchi hii yalipigwa dawa kali kwa bidii kubwa, na baadaye viwavi wa kula majani wakazidi badala ya kupungua, kwa sababu dawa iliwaua nyigu waliokuwa wakiwazuia. Shauri langu kwa mwulizaji ni hili: nyigu aliyejenga mlangoni, penye watoto, na aondolewe usiku, aliyejenga shambani aachwe, kwa maana hukamata viwavi mchana kutwa na kuwapelekea watoto wake.

Amebaki ndugu wa nne, mwenye asili ya kale kuliko wote. Hana kiuno chembamba wala hana sumu. Mwiba wake ni kama msumeno, ambao jike hukatia jani na kutia yai humo. Watoto wake huonekana katika kabeji na sukuma wiki, weusi, wakila miche michanga, na watu huwadhani viwavi wa kipepeo. Hesabu miguu ya tumboni: kiwavi wa kipepeo hapiti jozi tano, lakini huyu anazo sita au zaidi. Tofauti hii ina bei yake, kwani ile dawa ya vijidudu vya bakteria iuayo viwavi wa kipepeo haimdhuru huyu, na shilingi zako zitakuwa zimekwenda bure. Kama bustani ni ndogo, waokote kwa mkono asubuhi na mapema.

Waingereza humwita nzi wa msumeno, ingawa si nzi. Kiswahili changu chote hakina neno lake. Yamkini katika lugha za kwenu, ninyi mlimao kabeji huko Kinangop, Kisii au Taita, jina lipo tangu zamani. Mwenye kulijua aniandikie, ataje na mahali linapotumika, nami nitalichapa katika safu hii.