Tusiuze Vitunguu Saumu Vyote

Huku kwetu Mbulu hewa ni ya baridi na vitunguu saumu vinastawi. Tunalima, tunavuna, tunakausha, tunauza. Mnunuzi huja na gari lake na bei yake. Miezi michache ikipita, tunakwenda dukani kununua kichwa kimoja cha kuungia maharage. Mkulima ananunua alichokilima mwenyewe! Mimi naona jambo hili si sawa.

Tenga kituta kimoja kidogo karibu na jiko. Kituta hiki kisiwe cha kuuza. Kiwe cha mboga ya nyumbani.

Chambua kichwa kizuri, uchague punje kubwa. Usizimenye. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Panda kila punje ncha ikitazama juu, kina cha vidole viwili. Vitunguu vya kuliwa vichanga havihitaji nafasi kubwa. Vidole vitatu kati ya punje na punje vinatosha. Mwagilia. Baada ya wiki tatu panda mstari mwingine, usije ukakosa.

Miezi miwili hivi ikipita, majani yamekuwa marefu na shina bado ni laini. Ng'oa kiasi cha mlo mmoja tu. Kitunguu saumu kichanga hakina kazi ya kumenya wala kutwanga. Osha, kata mizizi, kisha katakata shina pamoja na majani. Shina likaange kwanza. Majani yatie mwisho, unapokaribia kuipua. Ladha yake ni ya upole kuliko ya kile kikavu. Kwenye maharage, mchicha au dagaa, kinafaa kote.

Darasani mama mmoja alinipinga. Alisema, "Mwalimu, ukiking'oa kichanga unapoteza uzito. Hiyo ni fedha." Ni kweli. Kikiachwa miezi minne au mitano, kichwa hukomaa na kuwa kizito. Lakini nilimwuliza, fedha ya mavuno yaliyopita ilishikwa na nani? Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

Kitunguu kichanga hunyauka upesi. Hakikai guniani, hakingoji gari. Kwa hiyo hubaki mikononi mwa mpishi na watoto wake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Wako wanaosema kitunguu saumu ni dawa ya kila ugonjwa. Mimi sisemi hivyo. Mgonjwa apelekwe zahanati. Mimi nasema habari ya mboga tu.

Pembeni mwa kituta acha miche michache ikomae, upate punje za kupanda tena.