Baada ya Bonanza

Bonanza la polisi na vijana lina utaratibu wake: jezi mpya, mgeni rasmi, hotuba ya kukemea bangi na wizi, mbuzi kwa timu iliyoshinda. Jumatatu mkaguzi wa polisi anarudi kwenye majalada yake na vijana wanarudi kijiweni. Toleo hili linaanzia hapo. Klabu ya vijana inayolelewa na polisi na wananchi inapimwa kwa kinachofanyika kombe likishakabidhiwa, na jarida limechagua kuipimia Kisanga, kata ya Wilaya ya Kilosa iliyo katika Jimbo la Mikumi.

Kwa nini Kisanga? Kwa sababu mjadala wa uhalifu wa vijana nchini huishia Dar es Salaam. Vijana wa genge la Panya Road walizua taharuki jijini Januari 2015. Jina lao liliporejea mwaka 2022, jibu lilikuwa msako na doria. Vijijini hali ni nyingine. Yuko mtoto aliyemaliza darasa la saba akiwa na miaka 13 au 14, sekondari hakwenda au aliiacha njiani, shamba ni la msimu, na Mikumi kuna barabara kuu ya Zambia na malori yake. Kilosa ina jeraha jingine pia: Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Klabu ya huku ina kazi ambayo ya mjini haina, yaani kuwaweka mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji katika timu moja.

Mtoto akishakosea, njia ni chache. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo gerezani, lakini shule ya maadilisho, anakoweza kupelekwa badala yake, ni moja tu, Irambo, Mbeya, zaidi ya kilometa 400 kutoka Kisanga. Mzazi wa kijijini atamtembelea mwanawe mara ngapi?

Wazo la polisi kulea vijana ni la siku nyingi. Mkuu wa polisi wa Norwich, Uingereza, alianzisha klabu ya wavulana mwaka 1918. Polisi wa Sydney, Australia, walifungua ya kwao mwaka 1937, na klabu za aina hiyo zipo huko hadi leo.

Karibu na kwetu, somo zuri zaidi halikutoka kwa polisi. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza Nairobi mwaka 1987 na kuweka kanuni ambayo mtoto yeyote anaielewa: timu inayoshinda mechi inapata pointi tatu, inayojitokeza na majembe na toroli kusafisha mtaa inapata sita. Timu inaweza kufungwa Jumamosi na bado ikapanda kwenye msimamo kwa sababu imezibua mtaro. Hakuna aliyehitaji kuwahutubia kuhusu uraia mwema.

Polisi wetu wana pa kuanzia. Polisi jamii ilizinduliwa mwaka 2006, na sasa wakaguzi wamepelekwa hadi ngazi ya kata. Hatari ni moja, nayo isemwe wazi: klabu ikigeuka mahali pa kuuliza nani aliiba pikipiki ya nani, haitapata mtoto wa pili. Kwa hiyo daftari la wanachama likae kwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo wa kata. Mkaguzi aje na filimbi, na upelelezi aufanyie kituoni.

Halafu kuna fedha. Asilimia nne ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vijana huanzia miaka 18, kwa hiyo wa miaka 14 hamo. Yeye hahitaji mkopo. Anahitaji mpira, mlezi anayelipwa posho, na mtu wa kumfikisha VETA Mikumi au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ilonga umri ukifika. Gharama hizo ni ndogo, ila hazina fungu. Jarida linapendekeza madiwani wa Kilosa waziwekee fungu lake katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa kuanzia kata moja, na mtendaji wa kata asome mapato na matumizi yake kwenye mkutano wa hadhara kila robo mwaka.